Anayetupwa Huruka Mwenyewe

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kikohozi kimekuachia. Mama ameniambia kwamba siku hizi husikii hata mlango ukigongwa, na kwamba ukipewa simu unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, hata ukiulizwa kama nyumba inaungua. Sikushangaa. Miaka ishirini na miwili ya uamuzi wa mieleka ya maonyesho, umesimama hatua mbili kutoka kwenye kengele ya ulingo, lazima sikio lidai chake. Ndiyo maana naandika. Mwambie Mama magoti ayakande kwa maji ya moto kama daktari alivyosema, asiyakande kwa ubishi.

Mimi ni mzima kiasi. Bega la kulia liliteguka mwezi uliopita, likarudishwa, na sasa limefungwa. Naandika polepole, kwa hiyo usiyacheke maandishi. Mama nimemwambia kwamba nilianguka ngazini. Tafadhali usimwambie vingine.

Sikuanguka ngazini. Kocha alinitupa, katika mazoezi ya asubuhi, mbele ya wenzangu sita. Kwa miezi mitano amekuwa akinitaka nibaki nyuma baada ya mazoezi, sisi wawili tu. Alianza kwa mzaha, akaendelea kwa mkono. Wapo wasichana waliokubali, kwa sababu yeye ndiye anayepanga nani ashinde Jumamosi na nani akae benchi. Mimi nilimwambia mbele ya watu, "Kocha, huo mkono una kwao, urudishe." Watu walicheka. Kesho yake akanichagua mimi kuonyesha mtupo wa nyonga.

Nilimwandikia Mwenye Kampuni malalamiko, kurasa mbili. Aliyasoma mbele yangu huku akichezesha kalamu, kisha akasema, "Unajua kuandika, binti. Hadithi hii ina nguvu. Niachie mimi."

Mjomba, ulifanya kazi na watu hawa kabla sijazaliwa. Nifanye nini?

Mpwa wako

---

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na moja. Ningejibu mapema, lakini bomba la uani lilipasuka. Fundi alikuja mara tatu. Kila mara alileta chombo kipya na udhuru ule ule. Mara ya kwanza alisema bomba ni la zamani. Nikamwambia mimi pia ni wa zamani na sivuji. Mara ya pili alikata maji nyumba nzima akaenda kula. Mara ya tatu mama yako alimsimamia kwa mwiko mkononi, na bomba likapona palepale. Jirani wa ng'ambo amepaka ukuta wake rangi ambayo sina jina lake. Mama yako ni mzima, isipokuwa magoti. Maji ya moto anayachemsha, kisha anayafulia.

Kuhusu lile jambo. Nakuandikia kama mtu aliyekula chumvi ya ulingo. Ya chumba cha kubadilishia nguo hubaki chumbani. Ndiyo kanuni ya kwanza tuliyofundishwa, hata kabla ya kufundishwa kuanguka. Marehemu mke wangu aliaga dunia akiamini kwamba yule jitu mwenye kinyago alinichukia kweli kweli. Kila Jumatatu tulikuwa tukinywa chai pamoja, mimi na lile jitu, naye akinionyesha picha za wajukuu wake. Sikumwambia mke wangu. Siri hutunzwa hivyo.

Wewe una ulimi. Kumwambia mkubwa maneno ya mkono na kwao mbele ya watu sita si jambo la busara. Bega likitoka hurudishwa. Jina likitoka mahali pake, hakuna daktari. Ushauri wangu: mwombe Kocha radhi kwa yale maneno tu, kisha uombe kuhamishiwa kundi la alasiri. Vumilia. Hawa watu huchoka wenyewe.

Vaa kitu cha joto begani.

Mjomba wako

---

Tarehe 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba bomba limepona. Nimeona limepewa nusu ya barua, nami nimepewa ubavu wa karatasi.

Sikumwomba Kocha radhi. Sasa sikiliza Mwenye Kampuni alichofanya na kurasa zangu mbili. Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa, taa zikazimwa. Mtangazaji akapanda ulingoni, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma barua yangu kwa kipaza sauti, neno kwa neno, huku muziki wa huzuni ukipigwa. Alipofika mahali nilipoandika, "Nilimwambia aache, hakuacha," watu walipiga miluzi. Kocha akatokea upande wa pili amevaa joho jekundu, akacheka kile kicheko chake cha jukwaani, watu wakamzomea kwa furaha. Mabango yamebandikwa mjini kote: mimi na yeye, tumetazamana, na chini yake, KISASI CHA BINTI. Picha yangu waliikata kwenye bango la mwaka jana. Ndani yake natabasamu.

Nilikwenda polisi. Askari wa mapokezi aliniacha nimalize, akaandika mistari miwili, akainua kichwa. "Dada, mnajua kuigiza, hongereni. Sasa hii mechi ni lini? Mke wangu anakupenda sana." Nikamwonyesha bega. Akasema, "Loo, mpaka bandeji!" Akaniomba nimwekee sahihi kwenye bahasha ya mtoto wake. Mjomba, niliiweka. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka.

Nilikwenda Kamati ya Michezo. Katibu wao ni mama mmoja mpole. Alisema, "Binti, mimi nakuamini, lakini wenzangu wameliona bango." Wamekubali kunisikiliza tarehe 15 Mei, kwa sharti moja: niwe na mtu anayeijua kazi hii, atakayesema lipi lilipangwa na lipi halikupangwa. Walio ndani hawathubutu. Watakaa benchi mpaka wazeeke. Aliye nje ni wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukipewa karatasi ya mpango kila Jumamosi: nani anaingia kwanza, nani anashinda, dakika ya ngapi. Unajua kwamba mazoezi ya asubuhi hayana karatasi. Unajua mtupo wa nyonga hauvunji mtu ukitupwa kwa haki. Nasikia huwa unawafundisha hata majirani namna ya kushika kikombe. Njoo uifundishe Kamati jambo hili moja.

Mpwa wako

---

Tarehe 28 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Barua yako ilichelewa, nami nikachelewa juu yake. Nilikuwa na homa siku nne, kisha miwani ikavunjika, kisha aliyeitengeneza akairudisha ikiwa na kioo cha mtu mwingine. Mama yako amepanda maua mbele ya nyumba, akanikataza kupita. Sasa naingia kwangu kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Magoti yake yanaendelea.

Nimelifikiri ombi lako kwa muda mrefu. Unaniomba nisimame mbele ya watu wasiojua kazi yetu, niwaeleze kwamba kila wanachokiona ulingoni kimepangwa. Umefikiria hao waliolisha watoto kwa siri hiyo? Jitu langu lenye kinyago bado li hai. Anasali mstari wa mbele, na watoto wa mtaa wake bado wanamwogopa. Nimvue mimi?

Na tuseme nimekwenda. Nani ataniamini? Umesahau nilijulikana kwa jina gani? Refa Haoni. Kazi yangu ilikuwa kugeuka kila aliyepangiwa kuwa mbaya alipochomoa kiti chini ya ulingo. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako!" nami nafunga kamba ya kiatu. Watu walikuja kutoka mbali kunitukana. Shahidi wa namna hiyo atakusaidia nini?

Sisemi kwamba Kocha ni mtu mwema. Ni mkaidi tangu ujana wake. Lakini nawe, ungekataa kuingia kile chumba cha bandeji tangu siku ya kwanza, haya yote yasingefika hapa. Funika kombe, mwanangu. Rudi nyumbani upumzike. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

Mjomba wako

---

Tarehe 4 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Barua zangu zote mbili nimeziandika kwanza kwenye daftari, kwa hiyo nimerudi kuzisoma. Mara mbili. Niliandika kwamba Kocha alitaka nibaki nyuma. Sikuandika wapi. Polisi niliwaambia wapi, Katibu nilimwambia wapi, lakini wewe sikukuambia, kwa sababu niliona haya.

Umejuaje kwamba ni chumba cha bandeji?

Usinijibu kwa habari za maua.

---

Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu,

Leo sina habari za nyumbani.

Miaka tisa iliyopita kulikuwa na msichana mdogo wa umbo na mkali wa maneno, walimwita Kiberiti. Kocha bado alikuwa akipanda ulingoni wakati huo, na Jumamosi ile walipangiwa pamoja. Asubuhi yake Kiberiti alinifuata nikiwa nimesimama nje ya chumba cha bandeji. Alitoka humo ndani akiwa amefunga vifungo vya koti vibaya, kimoja juu ya kingine. Aliniambia, "Mzee, Kocha amenitaka humu, nimemkatalia. Leo ataniangusha vibaya. Wewe ndiye mwamuzi. Usiniache."

Nilimwambia, "Vumilia, mwanangu. Mtazoeana."

Unajua kwamba mwamuzi akiona mtu ameumia kweli hupishanisha mikono juu ya kichwa, na wote walio nyuma ya pazia hujua kwamba mchezo umekwisha na machela iletwe. Siku ile karatasi ilisema Kiberiti ashindwe dakika ya kumi na mbili. Dakika ya nane Kocha alimwinua, na alipomshusha nilisikia kitu ambacho masikio yangu, yaliyokufa hivi, bado yanakisikia. Watu wote walisimama wakishangilia. Walidhani ni ufundi. Nilianza kuinua mikono. Ilifika mabegani. Mwenye Kampuni alikuwa ameketi mstari wa mbele, akanitikisia kichwa mara moja, hivi, kama mtu anayekataa chai. Nikaishusha. Nikapiga magoti kando ya Kiberiti, nikahesabu moja, mbili, tatu, naye ananitazama. Kisha nikauinua mkono wa Kocha juu.

Hakurudi kazini. Sikumtafuta. Miaka mitatu baadaye niliagwa kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani.

Nitakuja tarehe kumi na tano. Mwambie huyo Katibu aandae kapeti pana na mtu mmoja kijana asiyeogopa kuanguka.

Mjomba wako

---

Tarehe 22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenipigia. Anasema ulirudi, ukavua viatu, ukamwambia, "Ilikwenda vizuri," ukalala. Ameniomba nimweleze, nami nimemweleza papo hapo kuhusu bega. La ngazini limekwisha. Amelia, kisha amenitukana kwa kumdanganya, kisha amelia tena. La Kiberiti sijamwambia. Hilo ni lako.

Sasa nami nikueleze ilivyokwenda, maana inaonekana tulikuwa kwenye vyumba viwili tofauti.

Ulipoingia, yule mjumbe mnene alicheka, "Si Refa Haoni huyu? Mzee, nilikutupia chungwa mwaka fulani!" Ukamjibu, "Lilinipata. Keti, tuanze kazi." Nilikupenda sana wakati ule. Ulivua koti, ukalikunja, ukamsimamisha karani kwenye kapeti. Wazee wazima wale walikusikiliza kama wanafunzi. Ukasema, "Siri yenyewe ni hii, na leo naitoa. Anayetupwa huruka mwenyewe. Hakuna anayeweza kumrusha mtu mzima namna ile bila mwenyewe kukubali. Anamwazima mwenzake mwili. Na aliyeazimwa, kazi yake yote ni kuurudisha ukiwa mzima." Ukamfundisha karani kuruka, ukamlaza chini taratibu kama mtoto, katika umri wako huo, mpaka akainuka anacheka. Kisha ukamshika mkono juu, ukamwambia asiruke, aone tu. "Bega la huyu binti lilitoka kwa mbele. Haliwezi kutoka kwa mbele ila mkono ukishikiliwa huku mwili umekwisha kwenda. Kocha hakukosea. Alikataa kuachia." Hakuna aliyecheka tena. Kocha alikuwa akitazama viatu vyake. Hata wakili wa kampuni aliacha kuandika.

Ndipo Katibu akakuuliza, kwa upole wake ule, "Mzee, katika miaka yako yote, uliwahi kumwona Kocha akimfanyia mwingine hivi?"

Ukatazama dirishani. Mjomba, nilihesabu pumzi zangu nikakusubiri. Ukasema, "Sikumbuki."

Hukumbuki! Ulikuwa umeniandikia siku sita kabla, mpaka na vifungo vya koti! Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilitaka kuitoa niisome kwa sauti. Nilijizuia kwa sababu barua yangu imekwisha kusomwa mbele ya watu bila ridhaa yangu, na sitamfanyia mtu mwingine hivyo, hata akistahili.

Uamuzi umetoka jana. Kocha apumzike miezi mitatu. Wameandika, "kwa kuwa ni kosa la mara ya kwanza." Mabango yamebanduliwa. Mwenye Kampuni ameambiwa aniombe radhi kwa maandishi. Ameniandikia mistari minne, yote minne juu ya umaarufu wa kampuni. Baada ya miezi mitatu Kocha anarudi kushika ufunguo wa chumba kile cha bandeji.

Kiberiti nimempata kupitia muuguzi wetu wa zamani. Anashona viatu kwenye kibanda kidogo, anatembea kwa gongo, na bado ni mkali. Nilipomtajia wewe aliendelea kugonga msumari. Kisha akasema, "Mimi nikisema peke yangu, watasema ni mechi ile ya zamani, nilishindwa, nina kinyongo. Haoni aseme kwanza kwamba aliona. Akisema, nitakuja." Kamati inapokea ushahidi mpya kwa siku thelathini.

Sikuombi tena. Nimechoka kukuomba. Nakujulisha tu kwamba siku zinahesabika.

Mpwa wako

---

Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa siistahili.

Umeniuliza bila kuuliza kwa nini nilisema sikumbuki. Si kwa kumwogopa Mwenye Kampuni; hana tena cha kunipa wala cha kuninyang'anya, na ile saa yake haijawahi kwenda sawasawa. Nilipoulizwa, niliona kwamba nikilitaja jina la Kiberiti, swali litakalofuata ni, "Naye alikuambia nini, na wewe ulimjibu nini?" Kueleza mtupo wa nyonga ni ualimu. Kueleza lile jibu langu si ualimu. Nawe nilikujibu vile vile mwezi wa pili, neno lile lile la kuvumilia, kana kwamba miaka tisa sikujifunza lingine.

Nimeandika maelezo kwa Kamati. Yana kurasa tatu. Niliyaandika mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza nilijikuta nimeandika kwamba Kiberiti "aliumia", kana kwamba aliumia mwenyewe. Katika nakala ya nne nimeandika nani alifanya nini, nani alitikisa kichwa, na nani alishusha mikono. Niliyatia posta tarehe mbili. Katibu amejibu kwamba shauri litafunguliwa upya tarehe 8 Julai, na kwamba nitasema nikiwa mbele ya Kiberiti mwenyewe.

Kabla ya kuyapeleka posta nilimsomea mama yako, mezani, mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kifuniko cha sufuria. Aliuliza swali moja tu: "Ulijua haya yote, na binti yangu alipotaka kwenda kufanya kazi pale, ulimsindikiza wewe?" Nikasema ndiyo. Nilikubebea begi, kama unakumbuka. Akakiweka kifuniko chini, akatoka. Hatukusemezana wiki mbili. Chakula nilikikuta kimefunikwa. Jana alikuja mlangoni na koti langu amelipiga pasi, akasema, "Usiende kumfundisha mtu kuanguka safari hii. Jibu unachoulizwa, na usitazame dirishani."

Jitu langu lenye kinyago limesikia. Ameleta ujumbe kwamba nisimtembelee tena. Sikumlaumu.

Sijui nitamwambia nini Kiberiti, na nadhani afadhali nisijue. Nikienda na maneno tayari, nitayasema kwa ufasaha, naye hanidai ufasaha.

Basi langu la tarehe nane litafika saa nne asubuhi. Usije kunipokea stendi. Njia naijua, na begi langu ni jepesi. Nenda mapema kwenye ukumbi wa Kamati ukae karibu na Kiberiti, upande ule atakaoniona nikiingia, ili nitakapofika asiwe peke yake.

Mjomba wako